Mjomba, kabla sijakuletea mtoto wa mbwa

Shikamoo mjomba.

Simu ya juzi ilikatika kabla sijakujibu, na jibu lenyewe limezidi vocha niliyokuwa nayo. Nimeamua kuliandika hapa wazi, maana wajomba wenye mashamba ya mihogo na swali kama lako ni wengi huku kwetu.

Ulisema: "Nataka mbwa mkali. Mchana namfunga mnyororo, usiku namfungulia." Mbwa nitakuletea. Ni dume mmoja katika wale watoto watano wa mbwa wangu Sijali, yule mwenye doa jeupe kifuani. Ila habari ya ukali naomba unisikilize kwanza.

Unakumbuka nilipokuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la korosho Mtwara mjini? Nilikabidhiwa dume kubwa lililofundishwa kwa fimbo. Lilikuwa linatii, lakini lilikuwa linatii mkono wenye fimbo. Mkono ukiwa mtupu, halisikii. Usiku mmoja lilimrukia mpita njia nje ya geti, nikaliambia liache, nikavuta kamba, likageuka na kuning'ata mimi. Lile kovu la mkono wa kushoto, ambalo nyumbani nilisema nimekatwa na bati, ndilo hilo. Leo nakwambia ukweli. Na mbwa yule sikumchukia, maana kila mkono ulioinuka mbele yake maisha yake yote ulikuwa unakuja kupiga.

Niliporudi Mtama nilimchukua Sijali akiwa na wiki nane. Mbwa koko wa kawaida, kahawia, mama yake anazurura sokoni. Umri ule ni dhahabu, mjomba. Kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili hivi mtoto wa mbwa anaujua ulimwengu: watu, mbuzi, pikipiki, watoto wanaopiga kelele. Anachokizoea hapo hakimtishi ukubwani. Ukimfunga nyuma ya banda miezi hiyo, utakuwa na mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma ovyo.

Somo la kwanza ni "kaa". Chukua dagaa mkavu mmoja, umshikie puani, kisha umpandishe taratibu juu ya kichwa chake ukielekea nyuma. Macho yake yatamfuata dagaa, kichwa kitainuka, na matako yatashuka yenyewe. Hujamgusa. Pale pale yanapogusa mchanga sema "ndiyo!" na umpe. Pale pale, mjomba. Ukichelewa akasimama ndipo ukampa, umemlipa kwa kusimama. Mimi nilikosea hapo siku nne nzima, nikadhani mbwa mjinga. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, basi. Usirefushe; akichoka haelewi tena. Siku ya tano nilisema "kaa" nikiwa sina kitu mkononi, akakaa, akanitazama usoni. Hakutazama mkono, mjomba, alinitazama usoni. Nilisimama pale uani kama mtu aliyesalimiwa kwa jina lake ugenini.

Baada ya hapo tukaja "njoo", "baki", "acha" na "lala". "Lala" ilituchukua miezi miwili, na ndiyo iliyolipa.

Msimu uliopita wa korosho, mabibo yamejaa chini, mama mmoja jirani alikuwa anakatiza shamba na binti yake wa miaka mitano. Mtoto alimwona Sijali akaogopa, akakimbia. Mtoto akikimbia, mbwa hufukuza, ndivyo alivyoumbwa. Sijali akachomoka kama jiwe la manati. Nilikuwa mbali, kama miti sita hivi, sina kamba wala fimbo. Nikaita: "Sijali, lala!"

Akajibwaga. Kifua kwenye mchanga, masikio yamesimama, macho yamegeuka kunitafuta mimi. Hakusogea hata ukucha. Kilichosogea ni mkia tu, unafagia majani makavu ya mkorosho. Nilimfikia nikapiga magoti, nikampa dagaa wote waliokuwa mfukoni, nikamshika shingo huku mikono inatetemeka. Mtoto alichungulia nyuma ya khanga ya mama yake akauliza, "Amelala kwa sababu umemwambia?" Nikamjibu ndiyo. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe. Akasimama mbali, akasema "kaa" kwa sauti nyembamba. Sijali alinitazama mimi kwanza, kisha akakaa. Mtoto alicheka mpaka na yeye akakaa chini.

Najua utaniuliza habari ya najisi. Sijaacha tuliyofundishwa. Sijali analala nje, ana bakuli lake, na chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini chuoni tulisoma pia kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ana ruhusa. Na Suratul Maida, aya ya 4, inataja wanyama wa kuwinda mliowafundisha. Kumbuka masharti tuliyokariri ya mnyama aliyefunzwa: akitumwa aende, akizuiwa azuike, akikamata asile, na irudiwe mpaka ijulikane ni tabia yake. Kila ninapomwita Sijali akarudi katikati ya mbio namkumbuka maalimu wetu. Nilikariri tu wakati ule. Sasa naona maana yake inanijia mbio huku inatingisha mkia.

Na shida yako ya nguruwe pori naijua. Umelala kwenye dungu miaka mingapi ukilinda mihogo? Watafiti walioandika mwaka 2005 walihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, na ukanda huu wa kusini, Lindi ikiwamo, uliumia sana. Waliona nguruwe pori ndio kiini: nguruwe anafuata shamba, simba anafuata nguruwe, na mkulima yuko katikati, amelala shambani. Kwa hiyo sitaki umtume mbwa porini akapigane. Nataka abweke mapema, abaki karibu na wewe, na ukimwita arudi. Mbwa asiyerudi anapotelea gizani, na wewe utashuka kumtafuta.

Utakapompokea atakuwa na miezi mitatu na ameshachanjwa kichaa cha mbwa. Kadi nitakuja nayo, na chanjo irudiwe kila mwaka. Akikuuma mbwa yeyote, hata huyu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku ile ile. Ugonjwa ule dalili zikishatoka hauna tiba.

Jina mpe wewe. Liwe fupi, lisifanane na "kaa" wala "lala". Mnyororo uuweke kando, nitakuletea kamba ndefu ya mazoezi. Nashuka Nachingwea Jumamosi, na nitalala siku mbili ili tuanze pamoja. Ninunulie dagaa wakavu robo kilo, wasiotiwa chumvi.

Mpwa wako, Mtama.