Barua kwa Mwalimu, kuhusu kijana na kazi ya kupima mionzi

Njiro, Arusha

Mpendwa rafiki yangu Mwalimu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kusikia kwamba nyote mko salama huko Moshi. Unauliza kama ni busara kijana wako, aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), kwenda kusomea fizikia ya anga, na kama fani hiyo itamlisha. Naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu ndiyo kazi iliyonilea.

Wengi hudhani kwamba mtafiti wa mionzi mikali ya angani hukesha akitazama nyota. Kwa kweli sehemu kubwa ya maisha yake hupita mbele ya kifaa cha kunasia mionzi, akijiuliza ni ishara ipi imetoka mbali na ipi ni ya hapa hapa. Fani yenyewe ilizaliwa hivyo. Tarehe 7 Agosti 1912 mwanafizikia Victor Hess alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000, kimo ambacho wapanda Kilimanjaro hukifikia baada ya kukiacha kibanda cha Kibo, akakuta kwamba mionzi inazidi kadiri anavyopanda, ilhali ingekuwa yote inatoka ardhini ingepungua. Kwa vipimo hivyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Ningependa kijana ajue pia habari ya Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Kabla yake watafiti walitegemea roketi zilizokaa juu ya hewa kwa dakika chache tu. Kwa njia hiyo mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake waligundua Scorpius X-1, chanzo cha eksirei kilicho nje ya mfumo wetu wa jua, mwaka 1962. Uhuru, satelaiti ya Wamarekani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikapewa jina hilo kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Mahali hapo, karibu na ikweta, palifaa pia kwa upimaji, kwa sababu njia ya satelaiti iliepuka sehemu kubwa ya mionzi iliyonaswa na usumaku wa dunia, ambayo ingezifunika ishara dhaifu za nyota. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kwangu hiyo ni historia yetu, na inanisikitisha kwamba haisimuliwi madarasani.

Mimi mwenyewe nilijifunza subira Namibia, kwenye darubini za H.E.S.S., zenye jina la Hess huyo huyo. Mwale wa gama, wenye nguvu kuliko eksirei, haufiki ardhini: ukigonga hewa ya juu huzaa chembe nyingi zinazokwenda kasi kuliko mwanga unavyokwenda ndani ya hewa hiyo, nazo hutoa mmweko wa buluu unaodumu kwa sehemu chache tu za bilioni za sekunde. Kila moja ya darubini nne za kwanza ilikuwa na kamera ya mirija 960 ya kunasa mmweko huo. Lakini protoni za angani, chembe zenye chaji, nazo hutoa mimweko, tena mingi kupita ile ya gama, hivyo ilitubidi kuitofautisha kwa umbo: picha ya gama ni nyembamba na imenyooka, ya protoni imetawanyika ovyo.

Sasa napima udongo, vyakula na mawe ya fosfeti kama yale ya Minjingu, ambayo yana urani ya asili. Sampuli hukaushwa, husagwa, kisha hufungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa kwa takriban mwezi mmoja, ili gesi ya radoni ilingane na rediamu (zao la urani) inayoizaa. Ndipo huwekwa juu ya kipimaji kilichozungukwa na kuta nene za madini ya risasi. Hata hivyo mstari wa mionzi ya potasiamu, kwenye nishati ya kiloelektronivolti 1,460, haukosekani kwenye skrini, kwa kuwa potasiamu imo katika kuta za jengo na katika mwili wa mpimaji. Kuutoa usichanganyike na hesabu ni ujuzi ule ule nilioutumia Namibia.

Kuhusu riziki, sitakuficha: nafasi za kuchunguza nyota tu ni chache mno. Lakini anayejua kujenga, kusahihisha na kusoma kipimaji huhitajika katika tiba ya saratani, migodini, mipakani na katika Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kwa hiyo asome fizikia yenyewe kwanza, ajifunze elektroniki na kuandika programu kwa bidii, na anga aliache kwa shahada ya pili.

Mlete hapa Arusha kabla hajajaza fomu za chuo. Nitamkalisha mbele ya kipimaji, nimpe sampuli ya udongo wa shambani kwenu, na aisome mwenyewe.

Wako katika urafiki,
Jirani yako wa zamani