Ulinzi shirikishi au mchango shirikishi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka kumi na tisa sasa na sijawahi kukuandikia. Lakini ile habari ya wiki iliyopita, ya mheshimiwa kugawa reflekta na tochi kwa vikundi vya ulinzi shirikishi huku akipigwa picha, imenishinda. Mwandishi wenu angesubiri mpaka saa saba usiku angeona reflekta hizo zimegeuzwa mashuka.

Mwezi wa tatu, usiku wa manane, nilisikia mnyororo ukiburuzwa barazani. Mtungi wangu wa gesi, kilo 15, niliokuwa nimeufunga kwa kufuli. Nikapiga namba ya mlinzi iliyobandikwa mlangoni pa ofisi ya mtaa. Haipatikani. Nikapiga ya pili, akapokea mama mmoja yuko Morogoro, namba anayo tangu mwaka juzi. Akanipa pole. Asubuhi, hata uso sijanawa, hodi! Mkusanya mchango wa ulinzi na kitabu chake cha risiti: "Mzee, unadaiwa miezi miwili, elfu nne." Nikamwonyesha mnyororo uliokatwa. Akautazama, akasema waliokata ni mafundi, kisha akalowesha kidole kwa mate na kufungua ukurasa mpya. Nikalipa. Mke wangu ananicheka mpaka leo.

Mimi ni mtoto wa Kahama. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji wenyewe, ilipoanza kule mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe wakiwa wametushika koo, hakuna aliyemlipa mtu amlindie zizi. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume anatoka na upinde wake, na asiyetoka anatozwa faini mbele ya shemeji zake. Sisemi walikuwa malaika. Kuna bibi vizee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa macho mekundu tu, na hilo halina utetezi. Lakini zamu ilikuwa zamu. Serikali ikaja kuitambua kisheria mwaka 1989, na huku mjini tukachukua jina, tukachukua risiti, zamu tukaiacha hukohuko Usukumani. Septemba 2022 panya road, yale magenge ya vijana, walipoingia majumbani na mapanga, hapa Mbagala tulilala nje wiki mbili, mpaka mhasibu wa ghorofani alikuwa na rungu. Hofu ilipopoa kila mtu akarudi kitandani na kuacha elfu mbili dirishani. Halafu watu haohao wasiosikia filimbi usiku, mchana mtu akiita "mwizi!" wanafika hamsini kabla hujameza mate, na tairi tayari limeshapatikana. Mwaka jana niliona kijana wa miaka kama kumi na sita akipigwa matofali kwa ajili ya betri ya bajaji. Aliyekuwa mstari wa mbele ninamfahamu: hajawahi kulinda hata usiku mmoja. Huo ndio ushirikishi wetu, wa mawe! Askari kata alifika baadaye kwa bodaboda aliyoikodi kwa fedha yake, maana kata nzima ni yeye peke yake.

Na hizo taa za barabarani je? Nguzo mbele ya kwangu iliwaka wiki tatu. Sasa inatumika kubandika matangazo ya waganga wa kurudisha mali iliyoibiwa.

Ninashauri hivi. Orodha ya zamu iandikwe kwa chokaa ukutani pa ofisi ya mtaa, majina yote, kaya kwa kaya, wapangaji na wenye nyumba, mwenyekiti awe wa kwanza. Asiyefika, jina lake lizungushiwe duara jekundu na lisifutwe mpaka Idi. Na mapato ya ulinzi yasomwe kwenye mkutano wa mtaa, mkusanya mchango akiwa amesimama.

Mimi niandikeni Alhamisi. Filimbi ninayo.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam