Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Kanuni za ununuzi ziitambue maabara

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Dodoma.

YAH: KANUNI ZA UNUNUZI WA UMMA NA UTAFITI KATIKA VYUO VIKUU

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia wewe, si Waziri wa Elimu, kwa sababu kinachozikwamisha maabara zetu kimo katika Kanuni za Ununuzi wa Umma za mwaka 2024, na kanuni hizo hutungwa na kurekebishwa na Waziri wa Fedha. Mimi ni mhadhiri wa baiolojia katika chuo kikuu cha umma. Nafundisha, nasimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na mahitaji ya maabara yangu hupita ofisi ya ugavi na kuingia NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, kama mahitaji ya taasisi nyingine yoyote ya Serikali.

Niseme mapema kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 naiunga mkono na sitaki irudishwe nyuma. Tangu NeST ichukue nafasi ya mfumo wa zamani, TANePS, mzabuni wa Kigoma anaomba zabuni ya Dar es Salaam bila kupanda basi, na mtu anayetaka kujua nani alipewa kazi ana pa kutazama. Asilimia 30 ya ununuzi iliyotengewa makundi maalum (vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu) nayo ni haki, na vyuo vina pa kuitekelezea: usafi, chakula, samani, ukarabati wa mabweni. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimetuonyesha mara nyingi mno fedha za umma hupitia wapi pasipokuwa na mfumo.

Lakini utaratibu huu umejengwa juu ya dhana kwamba taasisi inajua Julai itakachohitaji Machi. Kwa viti vya ukumbi wa mihadhara, ni kweli. Idara tumizi inaandika idadi, kitengo cha ununuzi kinaingiza kwenye mpango wa mwaka, zabuni inatangazwa. Utafiti hauendi hivyo. Jaribio la leo ndilo linaloamua la wiki ijayo tulifanye kwa vifaa gani. Nikipima sampuli za mihogo nikakuta kirusi ambacho sikukitarajia, nahitaji vianzio vya DNA, vipande vifupi vya kukitambulishia kirusi hicho, vinavyotengenezwa kwa oda, kwa mpangilio wa herufi ambao jana haukuwapo kwenye karatasi ya mtu yeyote. Hakuna mpango wa mwaka unaoweza kuvitaja. Huwa tunaomba mpango uhuishwe, tunasubiri idhini, tunatangaza, tunatathmini. Msimu wa mvua unapita na mimea shambani imekwisha kukauka.

Kuna jambo la chapa pia. Kanuni zinatuzuia kutaja jina la mtengenezaji ili ushindani uwe wa haki, au tuongeze maneno "au inayolingana nayo". Kwa karatasi za kuchapia, sawa kabisa. Kwa kingamwili ya maabara, yaani protini ya kutambulishia kitu kwenye sampuli, kubadili mtengenezaji katikati ya utafiti ni kuharibu ulinganisho wa matokeo ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili, na hakuna jarida makini litakaloyapokea. Tuliwahi kuletewa vimeng'enya na mzabuni aliyeshinda kwa bei. Vilitakiwa kukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Vilifika kwenye boksi la kawaida, vimeyeyuka, na nyaraka zote za kupokelea zilikuwa safi. Mwanafunzi wangu alipoteza muhula mzima akirudia kazi ambayo haikuwa na kosa lake.

Najua utaulizwa: si kuna ununuzi wa mzabuni mmoja, na ununuzi wa thamani ndogo? Njia hizo zipo. Ila hazikuandikwa kwa kuifikiria maabara, na anayezitumia ni ofisa ugavi ambaye kesho atakaa mbele ya mkaguzi. Simlaumu. Hoja ya ukaguzi inaandikwa kwa jina la taasisi na inamfuata Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibikia fedha za taasisi, hadi kwenye kamati ya Bunge. Pasipo kifungu kinachosema wazi kwamba utafiti ni sababu halali, mtu mwadilifu atachagua njia ndefu, kwa kuwa ndiyo inayomlinda.

India wamelipitia hili. Nao wana soko la Serikali la mtandaoni, na wanasayansi wao walilalamika kwa miaka mingi kwamba kanuni za fedha zinakwamisha maabara. Juni 2025 Serikali yao ililegeza kanuni kwa taasisi za utafiti: kiwango cha kununua moja kwa moja kikapanda kutoka rupia 100,000 hadi 200,000, cha kununua kupitia kamati ya ununuzi kikatoka milioni 1 hadi milioni 2.5, na wakuu wa vyuo na taasisi hizo wakapewa mamlaka ya kuidhinisha zabuni za kimataifa za hadi rupia bilioni 2. Soko lao la mtandao lipo palepale. Kilichobadilika ni kwamba mtafiti ana mlango wake.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni sehemu ya utafiti ndani ya Kanuni za 2024. Iruhusu vitendanishi (kemikali za majaribio) na vifaa vinavyotumika na kwisha vinunuliwe kwa kiwango chake mahususi, kwa idhini ya mkuu wa idara na sababu ya kisayansi iliyoandikwa. Chapa itajwe pale ambapo utafiti tayari unaitumia. Kila ununuzi wa namna hiyo, pamoja na bei na sababu yake, uwekwe NeST ndani ya siku chache ili yeyote auone. Watafiti nasi tunaweza kuiba, na siombi tuaminiwe kwa vyeo vyetu. Naomba tukaguliwe baada ya kununua, kwa ukali wowote utakaoona unafaa, kuliko kuzuiwa kabla.

Na GPSA, Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, ambayo tayari ina mikataba maalum ya bidhaa mtambuka, yaani zinazohitajiwa na taasisi nyingi, ishirikiane na vyuo vikuu vya Dar es Salaam (UDSM), Sokoine (SUA), Muhimbili (MUHAS) na Dodoma (UDOM) kuingia mikataba na mawakala wanaoweza kuthibitisha kwamba wana mnyororo wa baridi, yaani usafirishaji na uhifadhi ambao ubaridi wake haukatiki. Vyuo hivi vinanunua vitu vinavyofanana, kila kimoja kivyake, kwa bei yake.

Mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu, wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, umeleta maabara mpya katika vyuo vya umma nchi nzima. Fedha za mradi zina mwisho. Mashine zitakazobaki zitahitaji vitendanishi kila wiki, na hivyo vitanunuliwa kwa kanuni zako. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai, na rekebisho ninaloliomba halihitaji muswada bungeni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri wa baiolojia, chuo kikuu cha umma