Jamani Tabora, tuache kuchoma majani ya miembe

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji maana hili jambo limenikaa rohoni na kila kiangazi linajirudia palepale. Pita asubuhi Ipuli, Cheyo, Isevya, Ng'ambo, popote hapa mjini, unakuta uwanja umefagiliwa mpaka unang'aa, majani ya miembe yamekusanywa pembeni yanawaka, moshi mtaa mzima, watoto wanakohoa, halafu jioni mtu huyohuyo anabeba ndoo anamwagilia mchicha wake uliosinyaa na analalamika eti udongo wa Tabora hauna nguvu. Sasa nguvu yenyewe si ndo hiyo aliyoichoma asubuhi?

Tuelewane kwanza kuhusu hali yetu ya hewa maana ushauri mwingi wa bustani unaozunguka kwenye simu ni wa watu wa Arusha au Lushoto, kule kwao ni kwingine kabisa. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, inaanza Novemba na ikifika Aprili imeaga, kuanzia Mei mpaka Oktoba ni ukame tu, na hii Septemba na Oktoba jua linakuwa kali hasa. Udongo wetu sehemu nyingi ni kichanga, ukimwaga maji yanazama chini upesi na yanayobaki juu yanakaushwa na jua na upepo. Hata sasa ambapo maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini, bili ipo, huwezi kumwaga tu maji bustanini kutwa nzima.

Dawa ni kufunika udongo. Wataalamu wanaita matandazo. Mwagilia tuta kwanza likolee, usitandaze juu ya udongo mkavu, kisha weka majani makavu unene wa vidole vitatu au vinne, na pale kwenye shina acha nafasi ya kama kiganja ili shina lisioze. Jani la mwembe lina sifa ya kuwa gumu, halioze haraka, kwahiyo kwa matandazo linafaa sana, linakaa muda mrefu linazuia jua lisipige udongo moja kwa moja na magugu hayapati mwanga wa kuota. Majani ya mjohoro nayo yanafaa. Ya mkaratusi yaacheni, yana kemikali zinazodumaza mimea mingine.

Najua mtakachosema, nyoka na mchwa. Ni hoja ya kweli kabisa, hapa kwetu mchwa si wa kuchezea, na ndo maana wazee walitufundisha kufagia. Ila mimi sisemi mtandaze uwanja mzima jamani, karibu na nyumba fagia kama kawaida, majani yaende kwenye matuta na kuzunguka miche ya mipapai na migomba tu, na yasiguse ukuta wala fremu ya mlango. Mchwa anafuata majani na miti iliyokufa, kwahiyo yafunue matandazo mara kwa mara ukague, asipate kujijengea kwa raha. Ukiona udongo wao umeanza kupanda kwenye shina, ondoa yale majani upande huo bila kusubiri kesho.

Yanayobaki tengeneza mboji. Hapa sasa ule ugumu wa jani la mwembe ni kikwazo kidogo, kwahiyo yakatekate kwa panga, panga tabaka la majani makavu, tabaka la vitu vibichi kama maganda ya ndizi na magugu ambayo hayajatoa mbegu, na samadi ya ng'ombe au mbuzi, nyunyizia maji liwe na unyevu lakini lisitiririke, ligeuze kila baada ya wiki mbili tatu. Lundo la sasa hivi ukilihudumia vizuri kufika Januari au Februari linakuwa jeusi linanukia udongo. Ukichoma unabaki na jivu, na jivu si baya, lina potashi na chokaa, lakini ile naitrojeni ambayo mboga ya majani inaihitaji kuliko kitu chochote imeshapanda na moshi. Na samadi mbichi msiimwage moja kwa moja kwenye miche, inaunguza, iacheni iive.

Kitu kingine watu wengi wanatumia tuta la aina moja mwaka mzima na hapo ndo kazi inapokuwa ngumu. Kiangazi tumia tuta mbonyeo, yaani unachimba chini kidogo na kuweka kingo ili maji yakae pale pale kwenye mizizi. Mvua zikikolea geuza, inua tuta juu, la sivyo mizizi inazama kwenye maji na chainizi yote inakuwa njano. Na mvua ya kwanza ya Novemba isikupagawishe ukamwaga mbegu zote siku hiyohiyo, mara nyingi inanyesha kisha inakata siku kadhaa na miche inaishia hapo. Sikiliza utabiri wa TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, panda kidogokidogo.

Nyanya nitaisemea peke yake kwasababu mkoa wetu ni wa tumbaku. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili na viazi mviringo vyote ni ukoo mmoja na tumbaku, kwahiyo pale palipolimwa tumbaku usikimbilie kupanda nyanya, minyoo fundo, vile viminyoo vinavyotia mizizi vinundu, inakuwa bado imo ardhini inasubiri mizizi. Anza na karanga kwanza. Na kama umetoka kushika tumbaku au unavuta sigara, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa miche maana kuna virusi vya batobato vinavyosafiri kwa mikono. Masika usinyunyizie majani maji jioni, ugonjwa wa bakajani unapenda jani lililolala na maji, mimina chini kwenye shina, funga mmea kwenye kijiti usilale na kata majani ya chini yanayogusa udongo.

Miembe yenyewe sasa imebeba, msiipogoe, subirini mavuno yaishe mwanzoni mwa mwaka. Cha kufanya ni kuokota maembe yanayodondoka na kuoza maana ndani yake kuna funza wa inzi wa matunda, ukiyaacha pale chini wanaingia ardhini wanatoka inzi wapya wanaenda kwenye maembe ya jirani. Yafukieni kwenye shimo la nusu mita kwenda chini, au yafungeni kwenye mfuko mweusi yapigwe na jua. Hayo msiyaweke kwenye mboji.

Mhariri, ombi langu ni kwa viongozi wetu wa mitaa na watendaji wa kata. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunayofanya usafi ndo siku yenye moto mwingi kuliko zote, majani yanachomwa pamoja na nailoni na chupa za plastiki. Tangazeni majani yatenganishwe, kila mtaa upate sehemu moja ya lundo la mboji, au yapelekwe shule zenye bustani na mwenye kuhitaji akachukue bure. Haihitaji bajeti, inahitaji mjumbe asimame aseme. Na gazeti lako, kama inawezekana, mtuwekee kalenda ya bustani ya mikoa yetu ya magharibi kabla mvua hazijaanza.

Msomaji wako,
Ipuli, Tabora