Anaaga anaenda kupima presha

Ndugu Mhariri,

Mimi ni Mtanzania, mwanasaikolojia, nafanya kazi kwenye hospitali za serikali huku Uingereza na gazeti lenu nalisoma kila asubuhi kwenye simu nikiwa ndani ya treni. Naandika kwa sababu ya mama mmoja, mambo yake madogo madogo nimeyabadilisha asije akajulikana.

Huyu mama kila akija kwangu, nyumbani anaaga anaenda kupima presha. Mkwe wake hajui, hata mwanawe wa kumzaa hajui. Siku ya kwanza kuniona pale mapokezi, mtu mweusi mwenzake, tena namwamkia shikamoo, mi nilidhani atafurahi kumbe ndo kaogopa zaidi. Akakaa kwenye ncha ya kiti kapakata mkoba, swali la kwanza, "Mwanangu, wewe wa wapi, unaswali msikiti gani?" Maana Waswahili huku tunajuana, misiba yetu ni ileile, makundi ya WhatsApp ni yaleyale, akaona kesho tu habari zake zishasambaa. Kikao kizima tukaongea siri tu, kwamba hata mwanawe akija kuniuliza simjibu kitu, labda iwe kuna uhai wa mtu uko hatarini.

Kabla ya hapo alishahangaika miaka 2. Anamwambia daktari kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, usiku anawaza mpaka kunakucha, mkalimani wa kwenye simu anafupisha, "anaumwa kichwa", basi anarudi na vidonge vya maumivu. Wakampa na ile fomu ya sonona ya maswali 9, kila swali unajibu kwa namba kuanzia 0 mpaka 3, yeye kila akiulizwa anajibu "alhamdulillah", na wao wanaandika sifuri. Yaani mtu anaungua na karatasi inasema mzima! Bibi yangu hakwenda shule lakini angemwelewa huyu mama kwa sentensi moja tu.

Wenzangu kazini husema nyie Waafrika unyanyapaa umewazidi, na zamani nilikuwa naitikia tu. Siku hizi siitikii, kwa sababu woga mwingine una sababu zake. Huku kuna sheria ya 1983 inayoruhusu mtu alazwe kwa nguvu hospitali ya akili, na takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha watu weusi wanalazwa hivyo kwa zaidi ya mara 3 ya wazungu. Mwaka 2010 kijana mweusi, Olaseni Lewis, miaka 23, alikwenda hospitali London kutafuta msaada, akakandamizwa chini na polisi humohumo wodini na akafa, wazazi wake wakapambana mpaka ikapatikana sheria ya 2018 ya kudhibiti matumizi ya nguvu wodini. Sasa mama wa Kiafrika aliyesikia habari kama hizo akificha maradhi yake utamwita mjinga?

Na mimi niko katikati. Kwenye mkutano, mara nyingi mweusi ni mimi peke yangu, mtu anasema mgonjwa anasikia marehemu mama yake akimwita, wengine washashika kalamu waandike ugonjwa mkubwa, inabidi niwaambie subirini kwanza, huyu kafiwa juzi, kwetu marehemu kumjia mtu si ajabu. Lakini siwezi kila kitu nikakisingizia mila, kuna siku ni ugonjwa kweli na unataka dawa, na nikikosea hapo naumiza mtu wangu mwenyewe.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki iliyopita mama kanipa simu yake nisome. Ni kipande cha gazeti moja la huko nyumbani, sitalitaja, mtu kapanda mnara wa simu anataka kujirusha, kichwa cha habari kimeandika "chizi", chini yake ndugu za huyu mama kwenye kundi la familia wanacheka, mmoja kaandika mpelekeni Mirembe. Mirembe ni hospitali ya akili, ipo Dodoma tangu 1927, inatibu watu wakapona wakarudi makwao, sisi jina lake tumeligeuza tusi! Mama akaniambia, "Umeona? Hawa ndo unataka niwaambie?" Sikuwa na jibu.

Mhariri, nakuomba wewe na waandishi wako, andikeni mgonjwa kama mnavyoandika mgonjwa wa kisukari, na mtu akijaribu kujiua msitueleze alivyofanya wala msikimbilie kusema ni mapenzi au madeni kabla hajaulizwa hata daktari. Gazeti lenu linafika mbali kuliko mnavyodhani, linafika mpaka kwenye chumba changu cha ushauri.

Jina langu na anwani nimewatumia, ila naombeni msivichapishe. Waswahili wa mji huu watajua mara moja mimi ni nani, halafu wataanza kujiuliza ni mama gani huyo anayekuja kila Alhamisi.

Mwanasaikolojia,
Uingereza