Mama, usiezue makuti

Abu Dhabi, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi mwanao ni mzima, alhamdulillah, ila joto la huku. Nimepata habari kwamba mnataka kuezua makuti ya jikoni muweke mabati. Kabla hamjapandisha bati, nisikilize kidogo.

Juzi Ijumaa nilikwenda kisiwa cha Saadiyat kuitazama Louvre Abu Dhabi, makumbusho iliyofunguliwa Novemba 2017. Vitu vya ndani nilivipitia haraka, maana paa lilishaniteka. Ni kuba la chuma lenye upana wa mita 180, limefunika vijumba vyeupe na vichochoro, bahari imeingia mpaka ngazini. Nilijiona kama ninakata Mji Mkongwe mchana. Uzito wake tani 7,500 hivi, na limekalia nguzo nne tu zilizofichwa ndani ya majengo. Ukiwa chini unaliona linaelea.

Lakini nuru yake, mama! Kuba zima ni nyota, ndogo kwa kubwa, mfano wa mashrabiya, zile nakshi za matundu za madirisha ya Kiarabu, zimepangwa tabaka nane. Matundu ya juu yakikutana na ya chini, jua linapenya, yakipishana, kivuli. Jua likisogea, vidoa vya mwanga navyo vinahama sakafuni, hiki kinazimika, kile kinawaka. Nilitandaza kiganja, kidoa kikatua kwenye kidole cha shahada. Nikakisubiri mpaka kikahamia gumba.

Mchoraji wake, Mfaransa Jean Nouvel, wazo hilo amelitoa kwenye makuti ya mitende yaliyokuwa yakiezekea nyumba za huku. Makuti, mama! Nikakuona umekalia mbuzi unakuna nazi, vidoa vya jua vinacheza kwenye kanga yako. Saa saba ya mchana tulikuwa tunakimbilia jikoni kwako kupumzika, moto unawaka na bado pana ubaridi. Chini ya bati nani atakaa?

Sisemi jiko livuje. Wiki hii natuma pesa, nunueni makuti mapya ya viungo na fito, na fundi ayabananishe vizuri upande wa kusi, ndiko mvua inakopigia. Bati, kama mmeshanunua, liezekeeni banda la kuku.

Nisalimie wote, na usiniache katika dua zako.

Mwanao akupendaye