"Tutaongea" yetu ndiyo inayotutenga na wanetu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazee wenzangu, Wachaga wa mlima Kilimanjaro, kabla ya Desemba, maana mabasi ya kutoka Dar es Salaam yakianza kupandisha watu kuja Krismasi ndipo ugomvi wa vihamba, mashamba yetu ya ukoo, unapofumuka, supu iko mezani na mbege iko kwenye kata.

Nina miaka 79, naishi Kibosho. Nimejaliwa wana watatu wa kiume. Kwa mila yetu mkubwa hukatiwa kihamba chake mapema, kitindamimba hubaki na nyumba na kihamba cha baba, wa katikati hujitafutia. Mila hiyo ilifaa enzi za mababu, mlimani kulipokuwa na pori la kufyeka. Leo kihamba changu hakifiki ekari mbili, na ukipanda juu unakutana na msitu wa hifadhi.

Mkubwa yuko Dar, mdogo yuko Mwanza. Aliyebaki nami alikuwa huyo wa katikati. Ndiye aliyeamka saa kumi alfajiri kufungulia mfongo, mfereji wetu wa maji, zamu yetu ilipofika. Ndiye aliyebeba bomba mgongoni kupulizia mikahawa dawa ya mrututu, ugonjwa wa chulebuni usiimalize. Kila aliponiuliza, "Baba, mimi nasimama wapi?" nilimjibu, "Lima, mwanangu, tutaongea." Nilimjibu hivyo miaka kumi na minne.

Sikuwa nampuuza. Niliogopa kutamka kwamba hana kitu, na niliogopa pia kumpa, nikaonekana nimevunja mila ya baba yangu.

Mwaka 2011, Jumapili moja, nilikuwa narudi kutoka misa ya kwanza nikasikia panga. Alikuwa ameshakata mikahawa 32 apande nyanya. Mkahawa ni mti mgumu, haukatwi kwa pigo moja. Visiki vilikuwa vyeupe, vimechanikachanika, bado vina maji. Mikahawa ile aliipanda marehemu baba, akiuza buni kupitia KNCU, chama chetu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, na ndiyo iliyonilipia ada. Mimi nikiutazama mkahawa namwona baba. Mwanangu akiutazama anakumbuka mwaka 2001, bei ilipoanguka hata hela ya dawa haikurudi.

Nikampeleka baraza la kata, na nikashinda. Akalipa fidia, akachukua mkewe na watoto wakaenda kupanga chumba Moshi mjini. Miaka saba hatukusalimiana. Wajukuu niliwaona kwa huruma ya mama yao tu.

Wazee tukikaa kilabuni tunasema vijana wa siku hizi hawana adabu. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti. Lakini kwetu mtu huzikwa kihambani. Mwana wa miaka 34 anayeuliza anasimama wapi, anauliza na atakapolala. Hilo si kosa la adabu, na mimi nililichukulia kama tusi.

Mwaka 2018 nilikata mpakani jani la isale, mmea wetu wa kuombea msamaha, nikalifunga fundo, nikateremka mjini. Wachaga wenzangu mnajua: anayeletewa isale hakatai. Lakini sijawahi kuona baba akimpelekea mwanawe, na wazee wawili wa ukoo walinikaripia kwamba nimejishusha. Alifungua mlango, akalitazama jani lile muda mrefu, akalipokea kwa mikono miwili. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Baba, umekula?"

Sasa ana kipande chake, upande wa juu unakopita mfongo. Tulipima mbele ya majirani, tukapanda masale ya mpaka, na maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila yalipita kwa mtendaji wa kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoruhusu. Kazi ya siku chache. Ningeweza kuifanya kabla hata panga halijainuliwa, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Wenzangu, iteni wana wenu wote, hata yule msiyetaka kumwita, mseme mkiwa hai, na iandikwe.

Sidanganyi kwamba kwangu kumetulia. Mdogo amenuna, anasema nimemega urithi wake bila kumshirikisha, na ni kweli, sikumshirikisha. Nikimpigia simu anapokea mkewe. Nimemwambia nauli nimetuma, na kikao ni tarehe 26 Desemba saa nne asubuhi, kihambani, kaka zake wote wawili wakiwapo.

Mkulima,
Kibosho, Moshi